Chumba cha Mwalimu Zuhura si Fremu

Walimu wenzangu mnaobaki, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, yasomwe siku ya kuniaga. Nilianza kuandika kwa utulivu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, kwenye habari za mbao na chaki, Mwalimu Zuhura Kondo alipofariki. Nikaenda msibani kwake Buguruni, nikasikiliza aliyoyasema pale mwalimu mkuu wetu, nikarudi nyumbani na kuzichana kurasa zile mbili. Haya ndiyo niliyoandika badala yake. Yana hasira, na sitaomba radhi kwa hilo.

Jambo lenyewe ni hili. Shule yetu ina chumba kimoja kwenye ukuta wa mtaani ambamo watoto wasiojua kusoma, wa darasa lolote, hufundishwa mpaka wajue. Mwalimu Zuhura alikianzisha na kukiendesha. Alipostaafu akaendelea kuja kwa kujitolea, nami nikawa msaidizi wake, kisha mwenzake. Sasa yeye amekufa na mimi nimestaafu. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba ukuta wa chumba kile utabomolewa upande wa barabarani, pajengwe fremu za maduka ya kupangisha, na fremu hizo ziitwe kwa jina la Mwalimu Zuhura ili kumuenzi.

Wengi wenu mlimfahamu kama bibi mfupi anayepita getini na mfuko wa maboksi matupu. Kabla hamjakubali jina lake libandikwe juu ya duka la mabegi, jueni alikuwa nani na chumba kile kilipatikanaje. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Hazikunifundisha kitu.

Nilifika Kariakoo kutoka Masasi nikiwa na cheti cha ualimu cha wale waliomaliza darasa la saba tu. Elimu nyingine niliyo nayo niliipata baadaye, katika vitabu vilivyotumika vinavyotandazwa chini kando ya barabara. Nilipewa darasa la tatu. Watoto walikaa sakafuni wakikizunguka kitabu kimoja kama sinia la wali, na nje wapagazi walipita na magunia wakipiga kelele za kuomba njia. Nilijifunza kusema kwa sauti ya juu kuliko sokoni. Nikisoma sentensi, darasa zima linaitikia. Nikinyamaza, wanaendelea wenyewe hadi mwisho wa ukurasa. Nilifurahi sana. Mwisho wa juma la kwanza nikawaambia walimu ofisini kwamba darasa langu linajua kusoma.

Mwalimu Zuhura alikuwa anamimina chai. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa mjini hasa, aliyezaliwa mitaa ileile, khanga imefungwa kiunoni juu ya gauni hata ofisini.

"Wote?" akauliza.

"Wote, mwalimu."

"Hebu twende."

Alikuja darasani na kipande cha boksi kilichotobolewa katikati, tundu la upana wa neno moja. Alikiita kidirisha. Akamwita Shani, binti wa muuza nazi, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote. Shani akasoma ukurasa mzima, na kwenye nukta anapumzika. Mwalimu Zuhura akaitikia kwa kichwa, akakiweka kile kidirisha katikati ya ukurasa uleule, likabaki neno moja tu linaonekana.

"Soma hapa, mama."

Shani akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaanza upya kutoka mwanzo wa ukurasa, mbiombio, kama mtu anayehesabu nyumba za mtaa ili afike anakokwenda.

"Hapana. Hapa tu."

Shani hakuweza. Aliujua ukurasa ule kama wimbo, na wimbo hauanzii katikati. Mwalimu Zuhura akamwita mwingine, na mwingine. Kengele ilipogonga, darasa langu lililojua kusoma lilikuwa limebaki na watoto wachache wa mstari wa mbele. Nilitamani sakafu inimeze.

"Usinune," akaniambia tukitoka. "Shule nzima inafanya hivyo. Kitabu kimoja, watoto lundo, wanaitikia pamoja. Asiyejua anabebwa na anayejua. Tatizo huyo anayebebwa ndiye anayefurahi zaidi, kwa hiyo hakwambii."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu wangu. Chuoni walinifundisha namna ya kuandaa somo. Yeye alinifundisha kukaa chini. Alisema mwalimu aliyesimama anaona vichwa, aliyekaa anaona vidole, na mtoto asiyejua kusoma hujulikana kwa kidole: kinakwenda na wimbo, hakiendi na maneno. Alinifundisha kutomuuliza mtoto "umeelewa?" kwa kuwa hakuna mtoto wa Kariakoo atakayesema hapana mbele ya wenzake. Alinifundisha kuokota maboksi sokoni, ya sabuni, ya majani ya chai, ya dawa ya mbu, kwa sababu watoto wake waliyaona kila siku na hakuna aliyewahi kuwaimbisha maneno yake. Alikata maneno kutoka kwenye maboksi yale, anayachanganya, anampa mtoto mkononi. Vifaa vyake vyote vilikuwa mkasi mmoja wa fundi cherehani na gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe. Gundi ile ililiwa na panya kila likizo. Kila muhula alianza upya, akiwatukana panya kwa majina ya viongozi wa kata.

Msibani mwalimu mkuu alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole! Mwalimu Zuhura alinuniana na mwalimu mwenzake miaka mingi kwa ajili ya birika. Aliwahi kumwambia mkaguzi aliyelala kwenye kiti darasani kwake, "Amka baba, wenzako wanajifunza." Hakupiga watoto, lakini ulimi wake ulitosha. Kama kuna neno la uongo kuliko yote yaliyosemwa siku ile, ni hilo la upole, na limesemwa kwa makusudi. Mtu mpole hana alichokidai, basi unaweza kuchukua chumba chake.

Nirudi kwa Shani. Mwalimu Zuhura alitaka abaki mchana, baada ya mkondo wa asubuhi, afundishwe na wenzake wachache. Shani hakubaki hata siku moja. Kengele ikigonga anakimbilia sokoni. Tukamfuata. Mama yake alikuwa na rundo la nazi karibu na wauza viungo, mwanamke mwembamba mwenye mdomo. Mwalimu Zuhura akasimama mbele ya rundo lile, katikati kabisa, mahali anaposimama mteja.

"Mwalimu, shikamoo," mama akasema. "Unataka ngapi?"

"Marahaba. Sitaki nazi."

"Sasa mbona umesimama hapo? Unanizibia riziki."

"Ndiyo kazi niliyoijia. Namtaka Shani mchana."

"Shani anajua kusoma. Jana kanisomea kitabu kizima."

"Kakusomea au kakuimbia?"

Mama Shani akacheka, kisha akaacha kucheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kwenda shule, kwa hiyo hakuwa na njia ya kutofautisha.

"Haya, na nani atanikalia biashara nikienda kuswali? Nikienda kuchukua mzigo? Huyu mtoto ndiye mikono yangu."

Mwalimu Zuhura hakufikiri hata kidogo. Akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa."

"Huyu mwalimu?"

"Ana mikono miwili. Tena ni mtu wa Kusini, nazi anaijua."

Sikuijua. Masasi tunakotoka sisi ni korosho. Lakini nilikuwa mgeni, na nilikuwa bado nina aibu ya kile kidirisha, basi mchana wa muhula ule mzima nikauza nazi. Mama Shani alinifundisha kuitikisa sikioni na kuigonga kwa ukucha. Walimu wenzangu walipita wakiniuliza, "Mwalimu Chilemba, ya tui zito ipo?" Wapagazi waliniita Ticha Nazi, na wazee wa pale wananiita hivyo hadi leo. Shani naye alikaa darasani na Mwalimu Zuhura akikata maboksi ya sabuni.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Hakumwambia mzazi umuhimu wa elimu. Aliuliza mtoto anafanya kazi gani nyumbani, kisha akatafuta mtu wa kuifanya. Kwa mama lishe mmoja aliosha sahani mwenyewe. Wanaosema wazazi wa Kariakoo hawajali hawajawahi kuosha sahani hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo msibani halikutajwa. Mwaka ule Shani alipokuwa darasa la nne, shule yetu ilikuwa inagombania nafasi ya juu katika wilaya. Mwalimu wa taaluma wakati huo alikuwa huyuhuyu ambaye leo ni mwalimu mkuu. Siku chache kabla ya mtihani wa taifa wa darasa la nne aliwapitia watoto dhaifu mmoja mmoja, akawaambia wapumzike nyumbani siku hiyo, watafanya mwakani. Sababu inajulikana na kila mwalimu anayesoma hapa: mtoto asiyekuja hashushi wastani wa shule kama anavyoushusha yule aliyekuja akaandika sifuri. Na mtoto akiambiwa apumzike, hupumzika. Wengi wao hawakurudi tena. Soko liko mlangoni.

Mwalimu Zuhura alipata habari hiyo kwa Mama Shani, ambaye alikuja kumshukuru kwamba mtoto amepewa likizo.

Asubuhi ya mtihani alipita sokoni kabla wauza mboga hawajamaliza kupanga. Nilikuwa naye. Aliwatoa watoto kwenye mabanda, chini ya meza, juu ya magunia, wengine wakiwa na ndala, mmoja akiwa na fulana ya mpira juu ya kaptula ya shule. Tuliwapeleka mstari mmoja hadi mlango wa chumba cha mtihani. Mwalimu wa taaluma alisimama pale mlangoni.

"Mwalimu, hawa hawafanyi."

"Wameandikishwa?"

"Wameandikishwa, lakini tumeshakubaliana na wazazi."

"Mzazi gani? Nimetoka nao sokoni sasa hivi."

Msimamizi, aliyetoka shule nyingine, akachungulia akauliza kuna nini. Mwalimu Zuhura akamjibu kwa sauti ya sokoni, "Watahiniwa wamechelewa kidogo, baba, tuwie radhi." Msimamizi akawapungia mkono waingie. Hakukuwa na la kufanya tena.

Shani hakufaulu. Waliofaulu katika kundi lile walikuwa wachache. Wanaotafuta hadithi ya mtoto wa muuza nazi aliyekuja kuwa daktari waitafute kwingine. Shani alimaliza darasa la saba, leo ana duka la vitambaa na anasoma mkataba wake wa pango mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Hilo tu. Mimi nasema linatosha, na Mwalimu Zuhura alisema linatosha.

Shule iliposhuka nafasi, kikao kiliitwa. Mwalimu wa taaluma alisema mbele ya wote, "Mwalimu Zuhura, umetushusha."

"Sijakushusha," akajibu. "Nimekuletea wanafunzi wako. Ulikuwa umewasahau."

Adhabu yake ilikuwa hii. Alinyang'anywa darasa la kwanza akafanywa mwalimu wa mazingira, asimamie kufagia na vyoo. Na kwa kuwa alikuwa anawapenda sana wajinga wake, neno hilo si langu, alipewa chumba cha kuwafundishia: stoo ya ukutani, iliyokuwa na majembe mabovu na popo. Wakati ule upande ule wa mtaa haukuwa na biashara, ulikuwa na mtaro unaonuka. Walimtupa pale wakidhani atachoka.

Tulitoa majembe, tukapaka chokaa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mabati, akayang'oa. Akatundika maneno ya maboksi kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Watoto wakaanza kuja. Walimu ambao hadharani walimcheka walianza kumletea watoto kimyakimya, mtoto mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kumtuma chaki. Wengine kati yenu ninyi vijana mmefanya hivyo hadi mwaka huu. Mnajijua.

Miaka ikaenda, na Kariakoo ikabadilika. Nyumba za udongo na bati zikageuka ghorofa. Ndugu wa Mwalimu Zuhura wakaiuza nyumba ya baba yao, naye akahamia chumba cha kupanga Buguruni, akawa anakuja kazini kama mgeni katika mtaa aliozaliwa. Hakulalamikia hilo mbele yangu. Alisema tu kwamba ghorofa lililojengwa pale lina ngazi mbaya. Mtaro ule ukafunikwa, barabara ikawekwa lami, wateja wakaanza kumiminika hadi upande wetu. Siku moja tukagundua kwamba stoo aliyotupwa iko mahali penye bei kuliko ofisi iliyomtupa. Tangu hapo wakaanza kuja watu na futi za kupimia. Yeye alifungua mlango, akawaambia watoto waseme shikamoo kwa sauti, wageni wakaona haya wakaondoka. Alipostaafu walidhani wamepumua. Jumatatu iliyofuata alikuwa getini na mfuko wake.

Aliugua muda mfupi akafariki. Msiba ulikuwa Buguruni, kwenye ua wa nyumba aliyopanga. Wanaume tulikaa kwenye viti chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka upande wa ndani wa ua, pazia la khanga katikati. Kabla jeneza halijatolewa, shule ilipewa nafasi ya kutoa rambirambi. Mwalimu mkuu akasimama. Alisema marehemu alikuwa mpole. Akasema alikuwa nguzo ya taaluma, aliyeinua ufaulu wa shule yetu. Alisema hivyo, yeye, kwa kinywa kilekile. Kisha akasema kamati ya shule imeona imuenzi: chumba alichokipenda kitaendelezwa kuwa fremu za kisasa, na juu yake litaandikwa jina la Mwalimu Zuhura Kondo, lisomwe na kila mpita njia. Watu wakaitikia kwa kunong'ona. Mdogo wake wa kiume, Mzee Kondo, akafuta macho.

Baada yake shekhe akasema maneno ambayo husemwa katika kila msiba wa Kiislamu hapa mjini, na ambayo nimeyasikia mara nyingi bila kuyatega sikio: kama kuna mtu anamdai marehemu, awaone wanafamilia, na kama kuna mtu ambaye marehemu anamdai, naye aseme, ili marehemu aende akiwa mwepesi. Kwa kawaida baada ya hapo watu wanasimama kubeba.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Shekhe, mimi nina neno."

Vichwa vikageuka. Alikuwa Mama Shani, mzee sasa, amesimama ameshika khanga mkononi.

"Kama ni deni, mama," Mzee Kondo akasema taratibu, "tutakuona ndani baadaye."

"Si langu. Ni la marehemu. Shekhe kasema, kama marehemu anamdai mtu, mtu huyo aseme. Mimi namwona mtu mwenyewe amekaa kiti cha mbele pale, hasemi. Nimsaidie?"

"Mama, huu ni msiba," mwalimu mkuu akasema.

"Najua ni msiba, mwanangu, mimi ndiye niliyemkosha marehemu. Nakuuliza wewe. Yeye angekuwa hai, hayo ya fremu ungeyasema mbele yake? Ungethubutu?"

Mtu mmoja karibu yangu alikohoa ili asicheke.

"Chumba chake kirudishe kwa watoto," Mama Shani akasema. "Jina baki nalo."

Shekhe aliinamisha kichwa. Mzee Kondo akasema, "Tumesikia, mama. Tumstiri kwanza." Tukabeba.

Siku tatu baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alinikaribisha soda. Alitaka funguo za chumba kile.

"Mwalimu Chilemba, tusivutane. Unajua hali ya vyoo hapa. Michango ya wazazi hairuhusiwi. Fremu zitajenga vyoo. Wewe unataka watoto wajisaidie wapi?"

Nataka muwe waadilifu kwake pia, kwa hiyo naandika kwamba vyoo ni hoja ya kweli. Nimekuwa shule ile muda mrefu na foleni ya wasichana wakati wa mapumziko ni aibu yetu sote. Lakini nilimjibu kwamba ukuta ule una vyumba vitatu. Kimoja kimejaa viti vilivyovunjika. Kingine ni mapumziko yake yeye, kina kochi na feni. Kwa nini kilichochaguliwa ni kile chenye watoto?

"Watoto wale watarudi madarasani kwao."

"Kuitikia."

"Kusoma na wenzao. Hizi ni taratibu za kisasa, hatutengi watoto."

"Umewatenga tangu ulipokuwa mwalimu wa taaluma."

Aliiweka soda yake chini. "Wewe umeshastaafu, mwalimu. Ukiingia mle ni uvamizi. Nipe funguo, tukuage vizuri. Keki imeshaagizwa."

Nilimwambia keki wapewe waliokaa foleni ya choo. Sikumpa funguo.

Jumatatu nikafungua kama kawaida, watoto wakaingia. Saa tatu akaja fundi na wasaidizi, nyundo kubwa na toroli. Akasimama mlangoni, akaona watoto sakafuni na vipande vya maboksi.

"Mzee, shikamoo. Mnamaliza saa ngapi?"

"Marahaba. Hatumalizi."

"Mimi nimeambiwa chumba kitupu."

"Umeambiwa uongo, mwanangu. Ingia uhesabu."

Hakuingia. Alivuta kofia mbele, akakaa kwenye toroli lake nje. Saa sita akaja tena kuchungulia. Akasema maneno ambayo mwalimu mkuu anapaswa kuyasikia: "Ukuta wenye watoto ndani sivunji. Akitaka avunje mwenyewe." Lakini aliniambia pia, kwa uungwana, kwamba amelipwa kianzio, na siku atakayokuta chumba kitupu ataanza. Tangu hapo anapita kila siku, asubuhi na mchana. Ananisalimia, anaangalia ndani, anaondoka. Sina ugomvi naye.

Hivyo hali ilivyo ninapoandika ni hii. Ukuta utasimama kwa muda ambao watoto wako ndani. Mwalimu mkuu ametishia kuita mgambo, lakini hajaita, kwa sababu wazazi wa sokoni wanapita mlangoni pale siku nzima na sasa wanajua. Asubuhi nakaa mimi. Mchana mwili wangu haunibebi tena, daktari ameniambia wazi. Juma hili mchana amekaa Mama Shani. Biashara yake ya nazi amemwachia mkwe. Anakaa kwenye kiti, anafunga mlango nusu ili jua lisiingie, anawaambia watoto wasigombane. Hafundishi. Hawezi kusoma. Jana alinishika mkono akasema, "Mimi nawalinda tu, Ticha Nazi. Wananiletea vile vikaratasi wananiuliza hiki ni nini, nami nabaki kuwatazama." Hatua chache kutoka hapo, ninyi mko ofisini, kila mmoja na cheti kikubwa kuliko changu cha kwanza, mnangoja nimalize kuandika ili mkate keki.

Siji kwenye keki. Msininunulie saa ya ukutani. Na mabango ya kumuenzi Mwalimu Zuhura msiandike, hakuna aliyewaomba. Nahitaji mwalimu mmoja wa mchana. Mwaka huu sokoni wapo watoto wanane wanaojua kurasa zote kwa moyo na hawajui hata neno moja. Atakayekuja aje na chaki yake, kwa kuwa ya shule nimenyimwa. Akae chini. Wanaingia saa saba.